Nataka kununua Peugeot 504 stesheni wagoni ya 1979, nianzie wapi ili iwe salama kubeba familia?

babawatatu

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Kuna Peugeot 504 stesheni wagoni ya 1979, ile ndefu yenye siti safu tatu, nimeifatilia miezi miwili sasa na mwenyewe yuko tayari kuniuzia. Marehemu baba alikua nayo ya hivi hivi, mimi na wadogo zangu tulikua tunagombania ile siti ya nyuma kabisa, kwahiyo nikiiona tu moyo unatulia. Lakini sitaki kununua kumbukumbu alafu niwapakie wanangu kwenye kitu kitakachowaumiza.

Hali yake iko hivi. Imekaa kwenye banda kama miaka sita bila kutembea. Injini inawaka, waliweka betri nyingine na petroli mpya ikawaka na inanguruma vizuri tu. Rangi imepigwa upya, inang'aa. Breki ukikanyaga pedali inaenda chini sana ila ukipampu mara mbili tatu inapanda. Usukani una mchezo kidogo. Matairi yana kashata zote. Mikanda ya mbele ipo, nyuma hakuna kabisa. Muuzaji anasema nikimaliza kulipa niwashe niondoke nayo, na kutoka pale mpaka kwangu ni kama kilomita 90.

Mimi sio fundi ila spana nashika, oili na plagi nabadilisha mwenyewe. Nianze na nini, na kitu gani nikikiona niachane nayo kabisa?

fundibodi_mstaafu

Ndugu yangu, kabla sijasema kingine chochote, hizo kilomita 90 usiziendeshe. Tafuta gari la kuibeba. Injini kuwaka sio sababu ya gari kuingia barabarani, injini ikizima utasimama pembeni, breki zikikataa huna pembeni ya kusimama. Pedali inayopanda kwa kupampu ni gari inakwambia yenyewe kwamba haiko tayari.

Sasa kwenye bodi, ambako ndo nimemaliza maisha yangu ya kazi. Rangi mpya kwenye gari lililolala miaka sita ndo kitu cha kwanza kinachonipa wasiwasi, maana mtu hapigi rangi gari la kukaa bandani, anapiga rangi gari la kuuza. Chukua sumaku ndogo ifunge kitambaa laini isikwaruze, upitishe taratibu chini ya milango, kwenye matao ya matairi ya nyuma, pembe za chini za mlango wa nyuma na kuzunguka kioo cha mbele. Pale inaposhika kwa nguvu kuna bati, pale inapolegea au kudondoka kuna puti, ile ya kuzibia mashimo ya bodi, na puti nene maana yake chini yake kuna tundu au bati limeliwa.

Kuna kutu ya ngozi na kutu ya mfupa. Ya ngozi ni ile ya kwenye mlango au fenda, inaudhi macho lakini haiui mtu. Ya mfupa ndo ya kuogopa. 504 haina chesisi ya kujitegemea kama lori, bodi yenyewe ndo mifupa, kwahiyo vile vizingiti virefu chini ya milango, sakafu, sehemu springi za nyuma zinapokaa, sehemu shokapu za mbele zinapofungwa juu ndani ya boneti, na pale mkanda unapofungwa, hizo zote ndo zinabeba gari na watu. Na stesheni wagoni inataka uangalifu zaidi kuliko saluni kwasababu nyuma haina ule ukuta wa kutenganisha siti na buti, ni tundu moja kubwa kutoka dereva mpaka mlango wa nyuma, tena inabeba mzigo. Zulia linyanyue. Usiogope kumuudhi muuzaji, nyanyua zulia, bonyeza sakafu kwa kitako cha bisibisi, gonga. Bati zima linalia, lililooza linazama.

Ukishaingia chini usikubali gari limeshikwa na jeki peke yake, wala matofali, tofali linapasuka ghafla bila kutoa onyo. Ni stendi za chuma kwenye sakafu ngumu, matairi yaliyobaki chini yazuiwe.

Cha kukufanya uondoke ni kama sehemu za springi za nyuma au vizingiti vyote viwili vimeoza. Vinachomelewa ndio, ila ni kazi kubwa ya mtu anaejua kukata bati bovu lote na kuweka jipya, sio kubandika kiraka juu ya uozo alafu kupaka lami. Ukikuta lami nyeusi mpya mpya chini ya gari lote na kila kitu kingine ni kikuukuu, jiulize inaficha nini.

pedali_ngumu

Mzee hapo juu kasema kweli tupu. Mimi naongezea breki maana ndo kazi yangu ya kila siku, nafanya nyingi za magari ya umri huu na wateja wengi wanakuja na maneno hayo hayo, "inapanda ukipampu".

Kaka babawatatu kuna vipimo viwili unaweza kufanya hapo hapo kwa muuzaji bila kifaa chochote. Cha kwanza, injini ikiwa imezima, pampu mpaka pedali iwe ngumu alafu ikandamize kwa nguvu ile ile dakika nzima. Ikizama pole pole kuelekea chini, aidha kuna sehemu inavuja nje au masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, imechoka ndani, mpira wake unapitisha mafuta. Ikikaa palepale lakini siku zote mkanyago wa kwanza uko chini, mara nyingi ni dramu za nyuma, breki shuu zimeisha au hazijarekebishwa ziko mbali na dramu, au kuna upepo kwenye mabomba. Cha pili ni cha busta, kile kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu. Ukiwa bado umekanyaga, washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka busta haivuti.

Ila nakwambia ukweli, kwa gari lililolala miaka sita mimi sipimi ili nijue kama nifungue, nafungua tu zote nne. Mafuta ya breki ya kawaida yanafyonza unyevu wa hewa hata kama gari halitembei. DOT 4, ambayo ni aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi joto 230 au zaidi, ikishanyonya maji ya kutosha kiwango kinachotakiwa kinashuka mpaka 155, sasa wewe unashuka mteremko mrefu una watu saba na mizigo, breki zinapata moto, mafuta yanachemka yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea, mguu unakwenda mpaka sakafuni. Hayo maji hayo hayo ndo yanaleta kutu ndani ya masta na wili silinda, zile pampu ndogo za kwenye magurudumu. Ndo maana mafuta yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama gari ni la kuonyesha tu.

Hozi za mpira, zile fupi zinazoenda kwenye magurudumu, badilisha zote bila kuangalia sura zake. Hozi ya zamani inavimba kwa ndani wakati nje inaonekana nzima. Inaruhusu mafuta kuingia ukikanyaga alafu inayazuia kurudi, gurudumu moja linabaki limeshikwa, gari linavuta upande. Watu wanahangaika kubadilisha kalipa kumbe ni hozi. Bomba za chuma nazo zifatilie kwa kidole kuanzia mbele mpaka nyuma, hasa pale zinapopita juu ya ekseli, huko matope hukaa na hakuna anaesafisha.

Sasa kitu cha stesheni wagoni chenyewe, ambacho mafundi wengi wanakiruka. Stesheni wagoni nyingi zina valvu karibu na ekseli ya nyuma, ina mkono au springi iliyoungwa na ekseli. Kazi yake ni kusoma mzigo. Gari likiwa tupu nyuma iko juu, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma zisikamate mapema. Ukipakia, nyuma inashuka, valvu inafungua ili nyuma nayo ifanye kazi. Ikigandia kwenye hali ya gari tupu, siku umejaza watu breki za mbele zinabeba karibu kazi yote. Ikigandia kwenye hali ya mzigo, siku uko peke yako barabara imelowa, nyuma inakamata kwanza gari linageuka linaangalia ulikotoka. Na mtu akiweka springi ndefu za kuinyanyua nyuma bila kurekebisha ule mkono, valvu itadhani gari ni tupu siku zote. Muulize fundi wako ameiona wapi, akikwambia haina, ingia mwenyewe ukachungulie.

Kitu cha mwisho, lile vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lainingi, ile ngozi ya shuu inayosugua dramu, za miaka hiyo nyingi zilikua na asbesto, na asbesto ukiivuta inaharibu mapafu miaka mingi baadae. Lowanisha kwa maji yenye sabuni, futa, kitambaa kitie kwenye mfuko ufunge utupe. Mimi niliyajua haya nikiwa nimeshapuliza dramu nyingi sana, natamani mtu angeniambia mapema.

tairi_na_rimu

Matairi "yana kashata zote" haina maana yoyote kwa gari lililolala. Angalia ubavuni, kwenye mstari unaoanza na herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2309 ni wiki ya 23 ya 2009. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo limetengenezwa kabla ya 2000, litoe hata usijadili. Likizidi miaka 10 mimi silipeleki barabarani na familia hata likiwa na kashata kama jipya, raba inakauka, inapasuka ndani na ngozi ya juu inabanduka ukiwa kwenye mwendo. Tairi la spea nalo hivyo hivyo, ndo huwa kuukuu kuliko yote. Alafu hakikisha uzito ulioandikwa kwenye tairi unatosha gari likiwa limejaa, sio likiwa tupu, na upepo wa nyuma ni mwingi kuliko wa mbele ukipakia.

mlangowanyuma

Naomba niseme jambo ambalo hakuna aliyeligusa, na lilitupata sisi. Tulikua na stesheni wagoni ya zamani, sio ya aina hii, siku moja tulibeba mbao ndefu, mlango wa nyuma tukaufunga kwa kamba ukiwa nusu wazi. Watoto wawili walikua nyuma. Baada ya kama dakika arobaini mkubwa akasema kichwa kinamuuma, mdogo alikua amelala na alivyoamshwa akawa hajielewi vizuri, anatapika. Tukasimama, tukawatoa nje kwenye hewa, tukaenda hospitali. Ilikua moshi wa gari letu wenyewe.

Nilivyokuja kuelewa ni kwamba gari lenye mgongo ulionyooka likitembea linaacha nyuma yake nafasi ya hewa nyepesi, na hewa ile inazunguka na kuurudisha moshi wa bomba moja kwa moja hadi kwenye mlango. Mlango ukiwa wazi, au raba yake ikiwa imeliwa, moshi unaingia ndani. Sumu yake kubwa ni kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, unadhani mtoto kasinzia kwasababu ya safari.

Kwahiyo raba ya mlango wa nyuma iwe mpya. Njia ya kupima ni kubana kipande cha karatasi kwenye mlango, funga, kivute, kikitoka bila kukwama hapo hapabani, rudia kuzunguka mlango wote. Angalia matundu ya sakafuni ambayo vifuniko vyake vya raba vimedondoka, na sehemu za taa za nyuma. Bomba la moshi lisiwe na tundu popote na mdomo wake utokeze nyuma ya bampa, usiishie chini ya gari. Na usiendeshe kamwe mlango wa nyuma ukiwa wazi, mbao zifunge juu ya keria.

Ukisikia harufu ya petroli ndani usiseme ni gari la zamani ndo zilivyo. Ile hozi ya kutoka mdomo wa kujazia mpaka kwenye tanki inapasuka, na kwenye stesheni wagoni hakuna ukuta wa buti wa kuizuia, mvuke wote mnauvuta nyie.

chumakigumu

Mnamtisha bure mwenzetu. Zile gari ni chuma, sio hizi za siku hizi bati kama karatasi. Tengeneza injini, weka breki, twende. Sisi tumekua tukikaa nyuma bila mikanda na tupo.

pedali_ngumu

@chumakigumu mkuu nakuheshimu, ila hapa tusipite haraka kwasababu anabeba watoto. Chuma kigumu hakikunji, na kisipokunja nguvu ya ajali inapita inaenda kwa aliyekaa ndani. Na wale ambao hawakubaki hawapo humu kutusimulia.

Babawatatu, kuhusu mikanda. Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo ulitengenezwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, kwahiyo sio kitu kipya, gari lako limetoka miaka 20 baadae. Hiyo ya mbele ivute mpaka mwisho uitazame, ikiwa imechanika pembeni, imepauka kwa jua au kile kigurudumu kinachouviringisha hakikamati ukiivuta kwa ghafla, badilisha nzima. Za nyuma, kabla hujatoboa chochote toa plastiki na zulia uangalie, magari mengi ya zamani yana matundu yenye nyuzi tayari kwa ajili ya mkanda hata kama hayakuuzwa nayo, na bolti inayotumika karibu kote duniani ni ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Kama matundu hakuna, usitoboe bati ukaweka nati na washa, bati litachanika kama kitambaa. Inatakiwa bamba la chuma la kusambaza nguvu na mtu anaejua anachofanya, na sehemu yenyewe isiwe na kutu. Mpaka hapo, siti isiyo na mkanda haikai mtu.

Safu ya tatu mimi ningeitoa kwanza. Iko karibu sana na mlango wa nyuma. Na mizigo nayo ifungwe chini au weka wavu wa chuma nyuma ya siti, sanduku la kilo 20 gari likigonga kitu kwenye mwendo wa 50 tu linakuja mbele na nguvu ya mamia ya kilo, na kati yake na vichwa vya watoto hakuna kitu.

fundibodi_mstaafu

Namuunga mkono dada. Na usukani nisiusahau, umesema una mchezo. Gari likiwa chini mwambie mtu auzungushe kidogo kidogo kushoto kulia wakati wewe uko chini unaangalia na mkono umeushika kwenye tairodi endi, vile viungo vya mwisho vya usukani kwenye magurudumu, inayocheza utaisikia kwenye kiganja. Alafu nyanyua mbele, shika tairi juu na chini ulisukume na kuvuta, likicheza ni beringi au boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu. Boljointi ikichomoka gurudumu linalala, huwezi tena kulielekeza popote. Hizi spea za 504 bado zinapatikana, ilitengenezwa kwa wingi na kwa miaka mingi, hutahangaika sana.

wayawamoto

Mimi umeme tu. Waya za zamani ngozi yake inakauka inakatika ukiikunja, na kila mwenye gari aliyepita ameunga redio yake na taa zake kwa kusokota. Kila waya wa kuungwa hivyo ambao hauna fyuzi na hujui unakoenda ukate. Taa kubwa ziwekee rilei, umeme wote ukipita kwenye swichi ya dashibodi taa zinafifia na swichi inaungua. Hozi za petroli zote ndani ya boneti ziwe mpya na klampu mpya, maana petroli ikidondokea kwenye moto na waya una cheche hapo unakua umeshachelewa. Kizima moto cha poda kikae karibu na mkono wa dereva, sio nyuma chini ya mizigo.

babawatatu

Wakuu nashukuru sana sana, nimesoma yote kwa sauti nikiwa na mke wangu. Nilienda juzi na sumaku yangu, bisibisi na tochi. Muuzaji alinuna kidogo nilipoanza kunyanyua zulia ila baadae akaja kunishikia tochi.

Majibu ni haya. Kizingiti cha kushoto kuna puti kama urefu wa mkono, sumaku ilidondoka. Cha kulia kizima. Sehemu za springi za nyuma nimegonga zote mbili, zinalia vizuri, na sakafu ya nyuma nzima isipokua kona moja. Matairi yameandikwa 1804, na nilikua nayasifia. Pedali nilivyoikandamiza dakika nzima haikuzama ila mkanyago wa kwanza uko chini kila mara, busta inafanya kazi. Tairodi endi ya kulia inacheza. Na ile valvu dada pedali_ngumu, nimeiona, imeganda kabisa mkono haukutikisika hata nilipoigonga. Fundi niliyeenda nae alikua hajui ni ya nini.

Nilimuonyesha muuzaji kimoja kimoja, akashusha bei kiasi kikubwa. Nimeinunua. Imekuja kwangu juu ya gari jingine, hata mita moja sijaiendesha. Siti ya safu ya tatu tayari nimeitoa, watoto wamelia kidogo, nimewaambia itarudi siku ikiwa na mikanda.

Jana nimefungua dramu za nyuma, nimelowanisha kwanza kama ulivyosema. Kulia wili silinda ilikua imevuja, lainingi zimelowa mafuta ya breki kabisa, kushoto kukavu. Mtu ananiambia nizioshe kwa petroli nizichome kidogo kwa moto zikauke nirudishe, kwasababu bado nene. Niko sahihi nikikataa?

pedali_ngumu

Uko sahihi kabisa, kataa. Lainingi ikishanywa mafuta yanakaa ndani ya vitundu vyake, utaichoma leo itaonekana kavu, ikipata joto barabarani yanatoka tena na hapo gurudumu moja linashika na jingine linateleza. Badilisha shuu pande zote mbili kwa pamoja hata kama kushoto ni nzima, na wili silinda zote mbili, maana hiyo ya kushoto ina umri ule ule, ni zamu yake tu haijafika. Dramu zipeleke zikapimwe, huwa zimechapwa kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, na kama hakisomeki kitafute kwenye kitabu cha gari. Zikizidi hapo hazichongwi tena, zinatupwa.

Valvu usiigonge tena. Ukishaifungua nitumie picha ya pale mkono unapoungana na ekseli, nikuelekeze kuurekebisha gari likiwa na uzito wa dereva.